Arthur Neumann: Mwindaji wa Nyambene aliyeachwa na bunduki yake mbele ya ndovu

KABLA serikali ya kikoloni haijajenga boma lake Meru mwaka 1908, Mzungu mmoja mpweke na mwenye haya alikuwa amekwisha kuizoea milima ya Nyambene na nyika zinazoizunguka. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Arthur Henry Neumann. Waliosafiri naye walimbandika jina jingine, Nyama Yangu, na jina hilo ndilo lililomtangulia katika vijiji na makambi.

Neumann alifika huku kutafuta pembe za ndovu. Habari za wawindaji wa namna hiyo ni nyingi, na nyingi zinafanana. Yake yafaa kusimuliwa kwa sababu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumkabili ndovu wa Afrika Mashariki kwa bunduki ndogo ya bolti, silaha iliyokuwa mpya kabisa wakati huo. Bunduki hiyo ilimpa mali. Siku moja nusura imtoe roho.

Alizaliwa mwaka 1850 katika jimbo la Bedfordshire, Uingereza, akiwa mtoto wa kasisi. Akiwa bado kijana alisafiri hadi Natal, kusini mwa Afrika. Alijaribu kilimo, akafanya biashara katika nchi ya Waswazi, na akahudumu upande wa Waingereza katika vita vyao na Wazulu mwaka 1879. Baadaye alikuwa Mombasa. Aliajiriwa na kampuni ya Imperial British East Africa katika upimaji wa njia ya kwenda Ziwa Victoria, kisha akarudi kusini kwa kazi fupi ya uhakimu katika nchi ya Wazulu. Kazi ya mezani haikumfaa. Mwaka 1893 alirejea Mombasa, akakusanya wapagazi, na kuelekea bara kwa nia ya kuishi kwa kuwinda.

Msafara wake ulivuka Mto Tana na kufika upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Kenya. Kambi yake ya kutegemea aliiweka Muthara, katika eneo ambalo leo ni Tigania. Chakula alikinunua kwa wenyeji kwa shanga na vitambaa. Hili si jambo dogo, kwani misafara mingi ya miaka ile ilijilisha kwa kunyang'anya. Kutoka Muthara alitembea hadi misitu ya Igembe na kushuka kwenye nyika za kaskazini, akiongozwa mara nyingi na Wandorobo, ambao wao wenyewe waliwinda ndovu kwa mikuki yenye sumu. Bila macho na miguu ya Wandorobo, Neumann asingeona hata mkia wa ndovu.

Sasa tuitazame silaha yenyewe. Mwindaji wa ndovu wa kizazi kilichomtangulia alibeba bunduki nzito kama mzinga, yenye mtutu mmoja au miwili, iliyojazwa baruti nyeusi kwa kiasi kikubwa. Ikilia, moshi ulimziba macho mpigaji na kishindo kilimsukuma nyuma. Neumann naye alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya kipimo cha .577, yaani upana wa karibu milimita 15. Lakini alibeba pia Lee-Metford ya kipimo cha .303, isiyofika hata milimita 8, ambayo jeshi la Uingereza lilikuwa limeipokea mwaka 1888. Risasi ya .577 ilikuwa na uzito wa takriban mara tatu ya ile ya .303.

Mtu angedhani kwamba kubwa ndiyo ya ndovu na ndogo ni ya swala. Neumann aligundua kinyume. Risasi ndogo, ngumu, yenye mwendo wa kasi, ilipenya kwenye mfupa na nyama bila kupasuka, mradi mpigaji alijua pa kuilenga. Baruti ya aina mpya haikutoa wingu la moshi. Tena palikuwa na kisanduku kilichohifadhi risasi kadhaa chini ya bolti, na mwindaji hakulazimika kuomba bunduki ya pili kwa mbebaji baada ya kila mlio. Kadiri safari ilivyoendelea, Lee-Metford ndiyo iliyokaa mkononi mwake zaidi.

Kutoka nchi ya Meru alisonga kaskazini hadi Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Ziwa Turkana. Huko safari iliingia nuksi. Mtumishi wake, Shebane, alinyakuliwa na mamba ziwani na hakuonekana tena. Na mwanzoni mwa mwaka 1896, karibu na ncha ya kaskazini ya ziwa hilo, ndovu jike alimjia mbio. Neumann alisimama, akalenga kwa Lee-Metford na kuvuta kifyatulio. Kilichosikika kilikuwa mlio mkavu wa chuma. Risasi haikutoka.

Alijaribu tena, haikutoka. Aligeuka kukimbia, lakini mtu hamshindi ndovu mbio. Jike lile lilimwangusha, likampigia magoti na kumchoma kwa pembe. Mkono ulitobolewa na kifua kikapondwa. Ndovu alimwacha akidhani amekwisha, na watu wake wakambeba hadi kambini. Kwa majuma mengi alilala chali, akinyweshwa maziwa, mbali na daktari yeyote. Alipona, akarudi pwani mwaka huo huo wa 1896, na mwaka 1898 kitabu chake kuhusu uwindaji wa ndovu kikachapishwa London.

Je, Lee-Metford ilikuwa bunduki mbovu? La. Bolti yake, iliyobuniwa na James Paris Lee, ni miongoni mwa bolti nyepesi na za haraka zaidi kuwahi kutengenezwa, nayo huvumilia vumbi. Kasoro ya wazi ilikuwa kwenye mtutu. Mifuo yake ya ndani, iliyobuniwa na William Metford, haikuwa na kina, na ililika upesi kwa joto la baruti mpya. Ndiyo sababu mwaka 1895 jeshi lilianza kuibadilisha kwa Lee-Enfield, ambayo ilibaki na bolti ile ile ya Lee lakini ikapewa mifuo mingine.

Hata hivyo, bunduki ya bolti ina mlango wa hatari ambao bunduki ya mitutu miwili haina. Ile ya mitutu miwili ina risasi mbili zilizokwisha kukaa mahali pake. Ya bolti lazima iichukue risasi kutoka kwenye kisanduku na kuiingiza mtutuni kila mara. Mpigaji asipoivuta bolti hadi mwisho, itapita juu ya risasi na kufunga chumba kitupu. Spiringi ya kisanduku ikilegea, risasi haipandi. Risasi ya .303 ina ukingo kitakoni, na kingo mbili zikipandana kwenye kisanduku, hukwama. Zaidi ya hayo, Lee-Metford ilikuwa na kibamba cha kufungia kisanduku, ili askari atie risasi moja moja na kuiweka akiba. Kibamba hicho kikiachwa kimefungwa, bolti hujifunga juu ya hewa tupu.

Miaka miwili baada ya mkasa wa Neumann, Mjerumani Paul Mauser alitoa bunduki yake ya mwaka 1898. Humo mliwekwa ukucha mrefu wa chuma unaoidaka risasi mara inapotoka kwenye kisanduku na kuishika hadi ganda litupwe nje. Risasi haiachwi huru hata nukta moja. Mwindaji maarufu W.D.M. Bell, wa Karamoja, aliua mamia ya ndovu kwa bunduki ndogo zilizojengwa juu ya mtambo wa Mauser.

Ubishi wa ya kale na ya kisasa umetokana hasa na ukucha huo. Kampuni ya Winchester ya Marekani iliuweka kwenye Model 70 yake ya mwaka 1936, kisha mwaka 1964 ikauondoa ili kupunguza gharama. Wawindaji walinung'unika, na baadaye kampuni ikaurudisha. Kwa maoni yangu, wanaosema kwamba kila bunduki ya kale ni bora wamekosea, kwani Lee-Metford ilikuwa mtutu wa kuisha mapema, na bunduki nyingi za kisasa hulenga shabaha kwa usahihi ambao Neumann hakuuota. Lakini usahihi ni wa mita 200. Ndovu akiwa hatua kumi, kinachotakiwa ni risasi kuwapo chumbani.

Neumann hakukaa Uingereza. Alipigana katika vita vya Makaburu vilivyoanza mwaka 1899, kisha akarudi Afrika Mashariki na kuwinda tena kuzunguka Mlima Kenya na kaskazini hadi mwaka 1906. Nchi ilikuwa imebadilika. Tangu mwaka 1900 palikuwa na kanuni za wanyama na leseni zilizohesabu ndovu. Mwaka 1906 majeshi ya serikali yalivamia Embu na kuwatiisha wenyeji kwa bunduki, na kituo kikajengwa huko. Mtu wa kuwinda peke yake miezi mingi, bila kuulizwa na afisa yeyote, hakuwa na nafasi tena. Mwaka 1907, akiwa London, Neumann alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Bolti ya Lee iliishi Meru na Embu muda mrefu kuliko yeye. Bunduki za .303 za Lee-Enfield zilikuwa mikononi mwa askari na walinzi wa serikali wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Wapiganaji wa msituni, walipokosa za kuteka, walijitengenezea zao kwa mabomba ya maji, vipande vya mpira na bolti za milango. Hizo ziliwaumiza wenyewe mara nyingi kama zilivyowaumiza maadui.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ndovu wa Mlima Kenya hawakwisha kabisa, licha ya Nyama Yangu na waliomfuata. Tangu mwaka 2011 wamekuwa wakipita kati ya msitu wa mlima na Lewa kwa njia iliyochimbwa chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, huku malori yakipita juu yao.