Alidina Visram, Mfalme wa Maduka

Katika gazeti letu hili wenzangu wengi wamezoea kuandika juu ya mashujaa wa vita na wanasiasa wenye sauti kubwa. Mwaka huu mimi nimeonelea nikuletee maisha ya mtu ambaye hakushika mkuki wala hakusimama jukwaani. Silaha zake zilikuwa mizani, daftari na kichwa chenye hesabu. Huyu si mwingine ila hayati Alidina Visram, mfanyabiashara aliyefariki mwaka wa 1916, na ambaye jina lake bado limeandikwa juu ya lango la shule moja kule Mombasa.

Sababu ya kumchagua ni hii. Hapa kwetu Maua, asiyeuza kitu ni mtoto wa anayeuza kitu. Kuna wa miraa, wa nguo, wa viazi, wa kibanda cha soda na mkate. Na kila siku nasikia lawama ile ile: fulani ananunua kwa shilingi 10 anauza kwa 20, huyo ni mnyonyaji! Hata hapa shuleni andazi likipanda bei, bweni zima huwa na mjadala usiku. Mimi nikajiuliza, je, ile 10 ya juu yote huingia mfukoni mwa muuzaji? Nilipoyasoma maisha ya Alidina Visram niliona kuwa swali hili ni kongwe kuliko reli.

Alidina Visram alizaliwa mwaka wa 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, huko India. Alikuwa Mkhoja wa madhehebu ya Ismailia. Mwaka wa 1863, akiwa na umri wa miaka 12 tu, alivuka bahari akaja pwani yetu ya Afrika Mashariki bila mali yoyote. Fikiria, ndugu yangu, huo ni umri wa mtoto wa darasa la sita! Alipata kazi Bagamoyo, katika biashara ya jamaa wa Paroo, ambayo baadaye ilivuma sana chini ya tajiri Sewa Haji Paroo. Hapo ndipo palipokuwa shule yake. Alijifunza kupima pembe, kufunga mizigo, na zaidi ya yote kupanga bei.

Bagamoyo ya siku hizo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya wapagazi iliondoka hapo kwenda Tabora na Ujiji, mwendo wa miezi. Kila mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30. Bidhaa zilikuwa merikani, ile nguo nyeupe iliyopewa jina la Marekani ilikotoka, na kaniki, na waya wa shaba, na chumvi, na shanga. Kutoka bara zilirudi pembe za ndovu, nta na asali.

Hapa nataka tusimame kidogo kwenye shanga, kwa maana zina mafunzo. Shanga zilitengenezwa ng'ambo kwa kioo, hasa katika mji wa Venice huko Italia, na kutengeneza moja hakukugharimu kitu cha kutisha. Lakini bei yake bara haikutegemea kioo. Ilitegemea mtindo. Nchi hii walitaka zile nyekundu zilizoitwa samesame, nchi ya pili walitaka nyeupe au samawati, na mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Mfanyabiashara aliyepeleka rangi iliyopitwa na wakati alijikuta na mzigo wa kokoto. Ndiyo yale yale tunayoyaona leo kwa vikaragosi na vigari vya kuchezea ambavyo watu wa ng'ambo huvikusanya. Plastiki ni ile ile, lakini kimoja hununuliwa kwa bei ya ng'ombe kwa sababu ni adimu na kinatafutwa, na kingine hutupwa. Basi kumbuka: gharama humwambia muuzaji bei ambayo akienda chini yake atapata hasara, lakini hamu ya mnunuzi ndiyo huamua bei itapanda hadi wapi.

Mwaka wa 1877 Alidina alianza biashara yake mwenyewe, akapeleka misafara yake bara. Baadaye alikuwa na matawi Dar es Salaam, Saadani, Tabora, Ujiji na kwingineko. Sewa Haji alipofariki mwaka wa 1897, Alidina alikuwa tayari ni mtu mzito.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tarakimu hizi ni za mfano tu, nimezibuni ili tuelewane. Tuseme jora moja la merikani lilinunuliwa pwani kwa rupia 4, na mpagazi na chakula cha njiani vikaongeza rupia 4. Majora 10 yamegharimu rupia 80. Njiani mawili yanaharibiwa na mvua au yanaibwa. Yanabaki manane, yanauzwa rupia 12 kila moja, jumla rupia 96. Mtu akiona kitu cha rupia 4 kinauzwa 12 atalia kuwa ameibiwa. Kumbe faida ya mwenye mali ni rupia 16 tu, yaani moja ya sita ya mauzo, na ameingoja mwaka mzima! Sisi wa Igembe tunalielewa jambo hili bila mwalimu. Miraa isipofika mapema hunyauka, na ikinyauka bei nayo hunyauka. Anayeisafirisha hulazimika kuweka katika bei hata ile ambayo huenda isiuzike. Na njia yenyewe inaweza kufungwa, kama Uingereza ilivyopiga marufuku miraa mwaka wa 2014, na kama soko la Somalia lilivyofungwa mwaka wa 2020 hadi 2022.

Jambo lililombadilisha Alidina kutoka tajiri wa kawaida hadi mfalme ni reli. Mwaka wa 1896 Waingereza walianza kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa. Waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Watu hawa walihitaji unga, mchele, dengu na samli. Alidina aliliona hilo mapema. Alifungua maduka kando ya reli, akapata kandarasi ya kuwalisha vibarua, na hata akashughulikia fedha za mishahara yao. Reli iliposogea, duka lake nalo lilisogea. Ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901, yeye alikwisha kuvuka hadi Uganda.

Hapa ndipo penye swali gumu. Kibarua aliyekuwa kambini porini, duka ni moja, angeenda wapi? Hali yake haikutofautiana na ya mtu aliyekaa ndani ya jumba la sinema. Ukienda sinema mjini utashangaa jinsi bisi za mahindi zinavyouzwa ghali, ilhali gunia la mahindi unalijua bei yake. Sababu ni kuwa sehemu kubwa ya pesa za tikiti huenda kwa wenye filamu, na mwenye jumba hupata riziki yake kwenye bisi na soda. Naye anajua kuwa ukishaingia hutatoka kutafuta kibanda cha karibu. Mahali pa namna hii, bei hupangwa na dhamiri ya muuzaji peke yake. Na dhamiri, wenzangu, si kipimo kilichopigwa muhuri na serikali.

Lakini reli ilileta jambo jingine ambalo Alidina alilitumia kwa werevu zaidi. Turudi kwenye majora yetu ya mfano. Sasa jora linasafirishwa kwa rupia 1 badala ya 4, na haliibwi wala halinyeshewi. Majora 10 yanagharimu rupia 50. Muuzaji akiyauza rupia 6 kila moja anapata rupia 60, faida yake ni 10. Hiyo ni moja ya sita ya mauzo, sawasawa na zamani! Lakini mnunuzi analipa nusu ya bei ya kwanza. Na kwa kuwa gari moshi ni la haraka, mtaji ule ule unazunguka, tuseme mara nne kwa mwaka. Mara nne kumi ni arobaini. Zamani mtaji wa rupia 80 ulizaa 16 kwa mwaka, sasa mtaji wa rupia 50 unazaa 40. Ama kweli, haba na haba hujaza kibaba. Kuuza ghali mara moja si utajiri. Utajiri ni kuuza kwa bei nafuu, kuuza upesi na kununua tena.

Jambo la pili, duka lake lilinunua na pia liliuza. Kule Buganda, mapatano ya mwaka wa 1900 yaliweka kodi ya nyumba ya rupia 3. Mwananchi ilimbidi apate rupia, na alizipata kwa kuuza mazao. Duka la Alidina lilichukua mazao, likatoa pesa au nguo. Gari lililoleta chumvi halikurudi tupu. Faida ilipatikana kwenda na kurudi. Baadaye akaingia katika pamba na viwanda vya kuichambua, mafuta, mbao, soda na mashamba makubwa, akawa na watu wengi sana wa kumfanyia kazi. Ndiyo maana walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Siwezi kuficha upande wa pili wa sarafu. Mkulima aliyebeba pamba yake kichwani kutwa nzima hakuwa na nguvu ya kubishana bei ilhali kodi inamngoja. Isitoshe, utawala wa kikoloni haukumpa Mwafrika nafasi sawa ya kufungua duka lake. Kwa hivyo tunapomsifu Alidina kwa akili yake, tusisahau kuwa uwanja wenyewe ulikuwa umeinama, na yeye alisimama upande wa juu.

Jambo la tatu, na ndilo lililonigusa zaidi, ni mali kauli. Alidina hakuyaendesha yote peke yake. Vijana waliofika kutoka India mikono mitupu, kama alivyofika yeye, aliwapa bidhaa kwa mkopo wakafungue vijiduka mbali, halafu wamlipe wakishauza. Kwa njia hii jina lake lilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakukanyaga. Lakini mali kauli ni kisu chenye makali mawili. Katika mfano wetu wa reli kila jora linaleta faida ya rupia 1, na limegharimu rupia 5. Mdeni mmoja akitoroka na jora moja, itabidi yauzwe majora matano mengine ili kulifidia hilo moja tu. Mama yangu ana kibanda hapa mjini, na kwa muda mrefu nilidhani lile bango lake la kukataa mkopo leo hadi kesho ni utani. Siku hizi nalisoma kwa heshima.

Alidina Visram alifariki mwaka wa 1916, vita vikuu vya kwanza vikiwa bado vinaendelea. Mwanawe, Abdulrasul, alijenga shule ya sekondari Mombasa kwa kumbukumbu ya babake, ikafunguliwa mwaka wa 1923. Lakini biashara yenyewe haikudumu. Katika miaka iliyofuata ile nyumba kubwa ilidhoofika, ikasambaratika. Mali iliyotawanywa kwa mkopo katika vijiduka vya nchi nzima hushikwa na jina la mtu na kuaminika kwake. Mwenyewe akiondoka, daftari hubaki karatasi. Maduka yamekwisha, shule ingali inasomesha. Sijui kama yeye mwenyewe angeihesabu hiyo kuwa faida au hasara, lakini mimi ningeiandika upande wa faida.

Basi tunajifunza nini, wanachama wenzangu? Kwanza, kabla ya kumwita mtu mnyonyaji, toa gharama ya bidhaa, ya usafiri, ya kilichooza na ya kilichokopwa, ndipo uitazame faida yake. Mara nyingi utakuta imekuwa nyembamba kama uzi. Pili, ikiwa baada ya kutoa vyote hivyo bado faida ni nene, angalia kama duka ni moja tu. Dawa ya duka moja ni duka la pili, wala si matusi. Tatu, kwa wale watakaorithi vibanda na mashamba ya wazazi wetu hapa Nyambene: msikimbilie bei ya juu. Ulizeni kwanza mtaji wenu unazunguka mara ngapi kwa mwaka.

Anayenipinga na aje na kalamu na karatasi kwenye mkutano wa chama, tupige hesabu pamoja.