Jean Rhys na nafasi ya pili iliyochelewa

Riwaya nyingi za mapenzi zina mwendo mmoja: watu wawili wanapendana, wanaachana, kisha maisha yanawapa nafasi ya pili. Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë cha mwaka 1847, kina mwendo huo. Jane anamkimbia Bwana Rochester baada ya kugundua, siku yenyewe ya arusi, kwamba ana mke tayari: mwanamke wa Jamaika anayeitwa Bertha, mwenye wazimu, aliyefungiwa katika chumba cha juu cha nyumba. Baadaye Bertha anachoma nyumba, anajirusha kutoka juu ya paa na kufa. Jane anarudi, wanaoana, na msomaji anafunga kitabu kwa furaha.

Katika kurasa hizi nataka kueleza maisha ya msomaji mmoja ambaye hakukifunga kwa furaha. Aliona kwamba nafasi ya pili ya wale wawili ililipwa na mtu wa tatu, na mtu huyo hakupewa hata neno moja la kujieleza. Msomaji huyo ni Jean Rhys. Sisi tunaomsoma kwa Kifaransa tunakijua kitabu chake kwa jina la La Prisonnière des Sargasses. Mwenyewe alikiita Wide Sargasso Sea.

Alizaliwa tarehe 24 Agosti 1890 mjini Roseau, katika kisiwa cha Dominica, bahari ya Karibi, wakati kisiwa hicho kilikuwa koloni la Uingereza. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ella Gwendolen Rees Williams. Baba yake alikuwa daktari kutoka Wales. Mama yake alitoka katika ukoo wa Lockhart, Wazungu waliozaliwa kisiwani, ambao babu zao walikuwa na shamba kubwa na watumwa. Siwezi kuficha jambo hilo, kwa kuwa ni mzizi wa kitabu chake. Utumwa ulifutwa katika makoloni ya Uingereza kuanzia mwaka 1834, lakini chuki na aibu hazikufutwa kwa sheria. Mtoto yule alikua akiona kwamba watu weusi walio wengi hawamhesabu kuwa mwenzao.

Mwaka 1907, akiwa na miaka 16, alipelekwa kusoma Uingereza. Huko aligundua kwamba Waingereza pia hawamhesabu. Wenzake wa shule huko Cambridge walimcheka kwa matamshi yake ya visiwani. Alijiunga na chuo cha maigizo mjini London, na huko pia sauti ile ikawa kizuizi. Sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuliona jambo hilo vizuri: watu walimhukumu kwa matamshi kabla ya kusikiliza alichosema.

Baba yake alipofariki mwaka 1910, fedha za masomo zilikuwa zimekwisha naye akawa anazunguka miji ya Uingereza na kundi la waimbaji wa jukwaani. Akampenda tajiri mmoja wa London aliyemzidi umri sana. Tajiri huyo alimwacha, kisha akaendelea kumtumia fedha kwa muda, kama mtu anayelipa deni. Mwaka 1919 aliolewa na Jean Lenglet, wakaishi Paris na Vienna. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alikufa akiwa na majuma machache tu. Walipata binti mwaka 1922, lakini mume akafungwa gerezani, na mke akabaki Paris bila kitu. Hapo mwandishi Ford Madox Ford akamsaidia kuchapisha, akampa jina la Jean Rhys, na wakawa wapenzi. Mapenzi hayo pia yaliisha vibaya.

Kati ya mwaka 1927 na 1939 alitoa kitabu kimoja cha hadithi fupi na riwaya nne, ya mwisho ikiwa Good Morning, Midnight. Wajuzi walisifu uandishi wake, lakini wanunuzi walikuwa wachache. Mwaka 1936 alirudi Dominica pamoja na mume wake wa pili, mara moja tu. Hakukiona tena kisiwa chake. Vita ilipokuja, jina lake likapotea. Mume wa pili alikufa mwaka 1945. Wa tatu, Max Hamer, alifungwa kwa udanganyifu wa fedha. Yeye mwenyewe alikunywa pombe kupita kiasi na kugombana na majirani hadi akafikishwa mahakamani. Watu wengi wa vitabu walidhani amekwisha kufa.

Mwaka 1949 mwigizaji Selma Vaz Dias aliweka tangazo gazetini kumtafuta, kwa kuwa alitaka kuigiza kitabu chake. Mtu aliyedhaniwa marehemu akajibu. Mwaka 1957 redio ya BBC ikatangaza mchezo huo, na wachapishaji wakamwomba riwaya mpya. Aliahidi kuimaliza kwa miezi michache. Ilimchukua miaka 9, akiwa maskini na akimuuguza mume wake katika kijiji cha Devon. Max alikufa mwaka 1966. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, riwaya ikatoka. Mwandishi alikuwa na miaka 76.

Katika riwaya hiyo, mke wa chumba cha juu ana utoto, ana mama, na ana jina lake mwenyewe: Antoinette. Anakua Jamaika baada ya utumwa kufutwa, nyumba yao inachomwa moto, kisha anaozwa kwa Mwingereza asiyemjua. Bwana huyo anapokea pauni 30,000, na kwa sheria ya wakati ule mali ya mke ni mali ya mume. Wanakwenda fungate katika kisiwa kingine, chenye milima na mvua, ambacho msomaji anakitambua kuwa ni Dominica. Wanapendana kidogo. Halafu barua ya chuki inamfikia mume, naye anaamini barua kuliko mke. Antoinette anamkimbilia Christophine, mlezi wake kutoka Martinique, ajuaye uganga, akimwomba dawa ya kurudisha mapenzi. Christophine anamshauri achukue mali yake aondoke. Lakini mali si yake tena. Dawa inaleta sumu badala ya upendo. Mume anamvua jina, anamwita Bertha, anampeleka Uingereza na kumfungia.

Kwangu mimi, jambo kubwa hapa ni kwamba Rhys hakubadilisha mwisho. Moto wa Brontë ungali unangoja. Alichompa Antoinette ni nafasi ya pili ya kusema, si ya kuishi.

Tusimfanye mtakatifu. Mwaka 1974 mshairi Kamau Brathwaite wa Barbados alionya kwamba mwanamke wa ukoo wa wenye watumwa hawezi kuchukuliwa kuwa sauti ya Karibi ya watu weusi. Naona onyo hilo ni la haki. Christophine ndiye mwenye akili kuliko wote katika kitabu, lakini baada ya kumkemea Mwingereza uso kwa uso anaondoka, na kitabu hakimfuati.

Sifa zilikuja: tuzo ya W. H. Smith mwaka 1967, na nishani ya Malkia mwaka 1978. Rhys alisema wazi kwamba zimechelewa mno. Alifariki Exeter tarehe 14 Mei 1979, akiwa na miaka 88, kabla ya kumaliza kumbukumbu za maisha yake.

Nawaomba wenzangu msome Jane Eyre na riwaya ya Rhys pamoja, moja baada ya nyingine. Kila mnapomwona mtu amepewa nafasi ya pili, tafuteni ni nani aliyelipa. Kisha mtafuteni Christophine. Hadithi yake bado haijaandikwa, na pengine atakayeiandika yumo kati yetu.