Askofu Colenso na swali la moto wa milele

JE, ni haki mtu kuteswa milele kwa sababu ya kutoliamini neno ambalo hakuna aliyewahi kumfikishia? Swali hili huwagawanya Wakristo hadi leo. Katika karne ya 19 lilimfanya askofu mmoja Mwingereza afukuzwe na wenzake, huku Wazulu wakimwita Sobantu, yaani baba wa watu.

John William Colenso alizaliwa Januari 24, 1814, katika mji wa St Austell, Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Mali ya familia yao ilipotea angali kijana, hivyo akajisomesha kwa taabu hadi Chuo Kikuu cha Cambridge. Mnamo 1836 aliibuka wa pili katika mtihani mkuu wa hisabati, na vitabu vyake vya hesabu vikatumiwa shuleni kwa miaka mingi. Mwaka wa 1846 alimwoa Sarah Frances Bunyon na kuwa kasisi wa kijiji cha Forncett St Mary, Norfolk.

Ni mkewe aliyemkaribisha kwenye mafunzo ya mwanatheolojia Frederick Denison Maurice. Huyu alipoteza kazi yake ya ualimu katika chuo cha King's, London, mwaka wa 1853 kwa kutilia shaka fundisho la adhabu isiyo na mwisho. Mwaka huo huo Colenso aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Natal, kusini mwa Afrika.

Karibu na mji wa Pietermaritzburg alianzisha misheni ya Ekukhanyeni, jina linalomaanisha mahali penye nuru. Alijifunza Kizulu, akaandika sarufi, akachapisha kamusi mwaka wa 1861 na kulitafsiri Agano Jipya. Magema Fuze, aliyepata elimu yake hapo, alifanya kazi katika mtambo wa uchapishaji wa misheni na baadaye akawa mwandishi wa historia ya watu wake.

Wamishenari wengi wa zama hizo walihubiri kwamba mataifa yote yaliyokufa bila ya Injili yalikuwa yakiungua jehanamu. Kwa Mzulu, maana yake ilikuwa kwamba baba, nyanya na ukoo wake mzima wamepotea, naye aokoke peke yake na kuwaacha motoni. Colenso aliona kuwa habari hiyo haiwezi kuitwa njema. Katika ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi, uliotoka mwaka wa 1861, alikiri kwamba hawezi tena kulitetea fundisho hilo.

Hakusema kwamba dhambi ni jambo dogo. Alishikilia kuwa kila uovu una adhabu yake, lakini adhabu ya Mungu hulingana na kosa na hulenga kumrekebisha mkosaji, kama baba anayemwadhibu mwanawe. Ukombozi wa Kristo, kwa mtazamo wake, uliwahusu wanadamu wote, na kazi ya mhubiri ilikuwa kuwajulisha neema ambayo tayari ni yao.

Waliompinga nao walikuwa na hoja nzito. Walisema Maandiko yanataja uzima wa milele na adhabu ya milele kwa neno lile lile, hivyo anayeufupisha moto anaufupisha na uzima. Waliuliza pia ni kwa nini mtu atubu leo iwapo mlango hautafungwa kamwe.

Moto ulizidi kuwaka mwaka wa 1862. Msaidizi wake katika kutafsiri, William Ngidi, alikuwa amemuuliza iwapo kweli wanyama wote waliingia katika safina ya Nuhu. Mwanahisabati huyo alishika kalamu, akapiga hesabu, na kuchapisha kitabu kilichodai kwamba takwimu nyingi katika vitabu vya Musa haziwezi kuwa historia.

Askofu wa Cape Town, Robert Gray, alimfungulia mashtaka tisa, likiwemo la kukana adhabu ya milele, na mnamo Desemba 1863 akamvua uaskofu. Hata hivyo, mwaka wa 1864 kamati ya mahakama ya Baraza la Malkia jijini London iliamua, katika kesi nyingine, kuwa sheria haimkatazi kasisi wa Kanisa la Uingereza kutumaini kwamba waovu watasamehewa hatimaye. Mwaka wa 1865 kamati hiyo ilibatilisha hukumu ya Gray kwa kukosa mamlaka. Gray hakutetereka. Mwaka wa 1866 alimtenga Colenso na kanisa, na mwaka wa 1869 askofu mwingine akawekwa wakfu. Mzozo huo ulichangia kuitishwa kwa mkutano wa kwanza wa maaskofu wa Anglikana, Lambeth, mwaka wa 1867.

Colenso hakuishia kwenye mijadala ya vitabuni. Chifu Langalibalele wa Wahlubi alipohukumiwa mwaka wa 1874 katika kesi iliyojaa dosari, askofu huyo alisafiri hadi Uingereza kumtetea, akawapoteza marafiki wengi walowezi. Uingereza ilipoivamia nchi ya Wazulu mwaka wa 1879, alivilaani vita hivyo kutoka mimbarani, kisha akapigania haki ya Mfalme Cetshwayo.

Aliaga dunia Juni 20, 1883, mjini Durban, na kuzikwa mbele ya madhabahu ya kanisa lake kuu mjini Pietermaritzburg. Binti yake Harriette aliendelea kuwatetea Wazulu.

Colenso pia alipinga kuwalazimisha wenye wake wengi kuwafukuza wake zao kabla ya kubatizwa, akisema huko ni kuwadhulumu wanawake na watoto wasio na hatia. Mkutano wa Lambeth wa 1888 ulikataa kuwabatiza wanaume hao. Miaka 100 baadaye, mwaka wa 1988, mkutano huo ulilegeza msimamo, mmoja wa watetezi wakuu wa hoja hiyo akiwa Askofu David Gitari wa Kenya. Kuhusu moto wa milele, hakuna mkutano uliowahi kuumaliza ubishi, na kaburi la Sobantu lingali mbele ya madhabahu.