Hadhrat Abdur-Rahman bin Auf r.a. na Njia ya Sokoni

Msomaji mpenzi, wako watu wengi wanaotamani mema usiku na mchana, lakini hawanyoshi mkono kuyatafuta. Kwa watu hao maisha ya Hadhrat Abdur-Rahman bin Auf r.a. yana somo kubwa.

Yeye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu mjini Makka, kwa tabligh ya Hadhrat Abubakr r.a. Alipohamia Madina mwaka 622, Mtukufu Mtume s.a.w. alimfungia udugu na Saad bin Rabi r.a., mmoja wa matajiri wa Ansari. Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake yote. Hebu fikiri, ewe msomaji: mhamiaji analetewa utajiri bila ya kutoa jasho! Lakini Abdur-Rahman r.a. alimwombea nduguye baraka, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe njia ya sokoni.

Akaenda katika soko la Banu Qainuqa, akafanya biashara, akarudi na faida ya jibini na samli. Kesho yake akaenda tena. Haukupita muda mrefu akaweza kuoa, na mahari aliyotoa ilikuwa dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina, na mali hiyo akaitoa kwa wingi katika njia ya Mwenyezi Mungu.

Wala usidhani kwamba alighurika na juhudi yake. Siku moja, hali amefunga, aliletewa chakula. Akamkumbuka Mus'ab bin Umair r.a., aliyekufa shahidi katika vita vya Uhud mwaka 625, ambaye sanda yake ilikuwa fupi hata ilipofunika kichwa miguu ikabaki wazi. Akalia, akihofu isije ikawa thawabu yake amekwisha kulipwa hapa duniani, na chakula akakiacha.

Alifariki mwaka wa 32 Hijriya, akazikwa Baqi.

Basi, ndugu msomaji, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dua ni kuomba mvua. Juhudi ni kulima shamba. Asiyelima, mvua itamfaa nini? Na aliyelima asipopata mvua, atavuna nini? Wewe unayeomba riziki, elimu au uongofu, je, umekwisha kuiuliza njia ya sokoni?