Lise Meitner: Mikono Safi, Kipimo cha Kweli

Kila aliyewahi kupigwa picha ya eksirei analifahamu jambo hili: mhudumu humpanga mgonjwa mahali pake, kisha hutoka na kusimama nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza kitufe. Wapo wanaoingiwa na hofu kwa kuachwa peke yao. Kumbe mhudumu anafuata kanuni. Mgonjwa anapata mionzi kidogo siku moja, lakini yeye yupo pale kila siku, mwaka mzima. Kanuni za namna hii zilikuja taratibu, na nyingine zilikuja baada ya watu kuumia. Katika makala haya tunayaangalia maisha ya mwanamke aliyejifunza mapema kuishi na mionzi kwa nidhamu, mwanafizikia Lise Meitner.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Henri Becquerel aligundua mwaka 1896, mjini Paris, kwamba madini ya uraniamu hutoa mionzi yenyewe bila kuchochewa na kitu. Miaka michache baadaye alibeba kichupa cha radiamu katika mfuko wa kizibao chake, nacho kikamchoma ngozi. Marie Curie alishika radiamu kwa mikono yake kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1934, akiwa na miaka 66, kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyofanya nayo kazi. Hata leo madaftari yake yanahifadhiwa katika masanduku ya risasi, kwa sababu bado yana mionzi. Watu hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wa kwanza kuingia katika nyumba ambayo hakuna aliyejua hatari zake.

Lise Meitner alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1878, katika familia ya Kiyahudi yenye watoto wanane. Baba yake alikuwa mwanasheria. Wakati ule shule ya wasichana iliishia kwenye umri wa miaka 14, na mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa kwao. Ulipofunguliwa, Lise alisoma kwa mwalimu binafsi, akafaulu mtihani wa kuingia mwaka 1901, na mwaka 1906 akapata shahada ya udaktari wa fizikia. Mwaka 1907 alikwenda Berlin, Ujerumani, ili amsikilize Max Planck akifundisha. Huko alikutana na mkemia Otto Hahn, wakaanza kazi pamoja ya kuchunguza vitu vyenye mionzi. Mwaka 1908 alibatizwa katika Kanisa la Kiprotestanti.

Taasisi ya kemia aliyofanyia kazi Hahn haikuruhusu wanawake. Meitner alikubaliwa kwa sharti kwamba abaki chini, katika chumba kilichokuwa karakana ya useremala, chenye mlango wake wa nje. Kwenye maabara za ghorofani hakuruhusiwa kukanyaga. Hakuwa na mshahara. Aliishi kwa msaada mdogo kutoka nyumbani. Katika karakana hiyo ndimo alimojifunza kupima mionzi.

Chombo chao kikuu kiliitwa elektroskopu. Tukieleze kwa lugha nyepesi. Ndani ya kisanduku kuna kijani chembamba sana cha metali. Kikipewa chaji ya umeme hujitenga na kishikio chake, kikasimama upande. Kitu chenye mionzi kikiwekwa karibu, hewa ya ndani hupitisha umeme, chaji huvuja, na kijani hushuka polepole. Mpimaji hutazama kwa hadubini huku ameshika saa. Kijani kikishuka haraka, mionzi ni mikali. Kikishuka taratibu, mionzi ni hafifu. Kazi yote ni macho, saa na uvumilivu.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Vumbi lenye mionzi halionekani na halinuki. Lilishika mezani, sakafuni, kwenye nguo na vidoleni. Baada ya miaka kadhaa karakana ilikuwa imechafuka kiasi kwamba vitu vyenye mionzi hafifu havikuweza tena kupimwa humo. Kijani kilishuka kwa sababu ya uchafu wa chumba, na hakuna aliyeweza kutenganisha sauti ya kitu kinachopimwa na kelele za mazingira yake.

Mwaka 1912 walihamia katika taasisi mpya, Kaiser Wilhelm, katika kitongoji cha Dahlem. Meitner na Hahn waliamua kwamba chumba kipya hakitaharibika kama kile cha kwanza. Kazi za kemia zilifanyika katika chumba kimoja, na vipimo katika kingine. Vitu vyenye mionzi mikali viliwekwa mbali. Waliokuwa kazini hawakupeana mikono. Kando ya kila simu na kila kitasa cha mlango kilitundikwa kizingo cha karatasi ya chooni, ili mtu ashike kwa karatasi na si kwa mkono mtupu. Mgeni aliyefika pale angeweza kucheka. Lakini kanuni hizo zilishikwa mwaka baada ya mwaka, na maabara ikabaki safi kwa takribani robo karne.

Mseminari anayefundishwa kutunza kalisi na patena katika sakristia anaielewa nidhamu hii kirahisi. Anajua maana ya kujali chembe ambayo jicho linaweza kuipita. Sababu ni tofauti kabisa, lakini malezi ya mkono yanafanana: mkono hujifunza kwa kurudia, hata siku ambayo hakuna anayetazama.

Matunda yalionekana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Meitner alitumikia jeshi la Austria kama mhudumu wa eksirei kwa majeruhi. Kisha alirudi Berlin na, Hahn akiwa bado jeshini, akafanya sehemu kubwa ya kazi iliyowawezesha kutangaza mwaka 1918 ugunduzi wa elementi ya protaktiniamu katika umbo lake linalodumu muda mrefu. Mwaka 1926 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Mwaka 1934 walianza, pamoja na Fritz Strassmann, kupiga uraniamu kwa nyutroni na kupima kilichotokea. Lakini Wanazi walikuwa wameshika madaraka, na kwao ubatizo haukubadilisha chochote: Meitner alihesabiwa kuwa Myahudi. Tarehe 13 Julai 1938, akiwa na miaka 59, alivuka mpaka kwa treni kuingia Uholanzi, akiwa na marki 10 tu na pete ya almasi aliyopewa na Hahn kwa ajili ya kuwahonga walinzi ikibidi. Kutoka huko alikwenda Sweden. Maabara aliyoitunza kwa miaka 26 ilibaki nyuma.

Desemba mwaka huo Hahn na Strassmann walikuta bariamu katika uraniamu waliyoipiga. Mionzi yake ilikuwa hafifu sana; katika karakana ile ya zamani pengine isingetambulika kamwe. Hahn hakuelewa maana yake, akamwandikia Meitner. Yeye na mpwa wake Otto Frisch, wakitembea kwenye theluji huko Kungälv, walipiga hesabu: kiini cha uraniamu kilikuwa kimepasuka vipande viwili, na kutoa nishati ya takribani elektroni-volti milioni 200. Maelezo yao yalichapishwa Februari 1939.

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1944 ilipewa Hahn peke yake. Meitner aliumia, ingawa urafiki wao haukuvunjika. Alipoalikwa kujiunga na watengenezaji wa bomu la atomiki, alikataa kabisa. Yule aliyeweka karatasi kwenye vitasa ili wenzake wasiguse chembe, hakuwa tayari kutumia maarifa yaleyale kuangamiza miji.

Alifariki Cambridge, Uingereza, tarehe 27 Oktoba 1968, akikaribia kutimiza miaka 90, baada ya zaidi ya nusu karne karibu na mionzi. Mwaka 1997 elementi namba 109 ilipewa jina lake, meitneriamu.

Wapo miongoni mwetu wazazi wenye watoto wanaosomea maabara, na waumini wanaofanya kazi katika vyumba vya mionzi hospitalini. Kanuni wanazofundishwa ni zilezile kwa msingi: punguza muda, ongeza umbali, weka kizuizi, pima kabla ya kuamini, nawa kabla ya kula. Kwa macho ya haraka ni mambo madogo yanayochelewesha kazi. Maisha ya Meitner yanatuonyesha kwamba ndani ya mambo hayo madogo kuna afya ya jirani anayefungua mlango baada yetu, na pia kuna ukweli wa kipimo chenyewe, kwa sababu chombo kilichochafuka humpa mpimaji jibu la uongo bila yeye kujua.