Mzee Röntgen na picha ya tumbo

Kwetu Kulesa mtu akiandikiwa picha ya tumbo, maneno huwa mengi. Huyu atasema miale inachoma matumbo, yule atasema ukishapigwa eksirei lazima upasuliwe. Nimeona watu wakivumilia maumivu nyumbani kwa hofu hiyo. Kwa hivyo nawasimulia habari za aliyeivumbua.

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa Lennep, Ujerumani, mwaka 1845, akakulia Uholanzi. Alifukuzwa shule huko Utrecht, lakini hakukata tamaa. Alikwenda Zürich akasoma hadi akawa daktari wa falsafa. Tarehe 8 Novemba 1895, akiwa profesa Würzburg, aligundua miale inayopenya mwili. Kwa kuwa hakuijua ni nini, aliiita X. Mwezi uliofuata alipiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha, ikaonekana mifupa na pete. Siku hizo wamishenari Wajerumani walikuwa tayari hapa jirani, Ngao.

Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia. Fedha zake aliachia chuo kikuu, na alikataa kuchukua hataza, ili uvumbuzi uwe wa watu wote.

Alifariki Munich tarehe 10 Februari 1923, kwa saratani ya utumbo. Haidhaniwi kuwa miale ndiyo iliyomuua, kwani alifanya nayo kazi muda mfupi tu, tena akijikinga.

Ndugu zangu, tumbo halimjui msomi wala mkulima wa mpunga. Picha hii humsaidia daktari kuona utumbo ulioziba au uliotoboka, baadhi ya mawe ya figo, au sarafu aliyomeza mtoto. Haioneshi kila kitu. Pengine utatakiwa kipimo kingine. Kupigwa picha si kupasuliwa, na haiumi. Miale yake ni kidogo, ndiyo maana haipigwi bila sababu.

Ukienda, vua mkanda, mkufu na chochote cha chuma kiunoni. Kojoa kwanza. Picha ya kawaida kwa kawaida haihitaji kufunga kula; ile ya kunywa dawa nyeupe ndiyo huhitaji, basi uliza mapema. Mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla hajaingia chumbani. Ukiambiwa zuia pumzi, zuia, usitikisike.

Na maumivu makali yenye kutapika na tumbo kujaa yasingoje kesho. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.