Maisha ya Denis Burkitt, Tabibu Aliyechora Ramani ya Ugonjwa

Katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi mwanachuo husimama mbele ya darasa na kutangaza kwamba wataalamu wamegundua jambo fulani, kisha huliandika ubaoni ili wanafunzi walinakili. Wanafunzi hulikariri, na somo huishia hapo. Namna jambo hilo lilivyogunduliwa haitajwi kamwe, na mtoto hubaki akidhani kwamba ugunduzi ni kazi ya watu wa mbali wenye mitambo mikubwa. Maisha ya Denis Burkitt, aliyefanya kazi yake kubwa hapa Afrika ya Mashariki, yanafaa kuturekebisha.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, karibu na mji wa Enniskillen huko Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi na mpimaji wa wilaya. Wakati wa mapumziko mzee huyo aliwachunguza ndege wadogo wa bustanini. Aliwavika pete miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akaonyesha katika ramani eneo ambalo kila ndege alilishika na kulilinda. Mtoto alikua akiona kwamba maarifa huweza kupatikana kwa kuangalia kwa saburi, kuhesabu, na kuandika mahali jambo lilipoonekana.

Akiwa na umri wa miaka 11, alipigwa jiwe usoni na akapoteza jicho moja. Aliendelea na masomo, akaingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, lakini akabadili nia na kusomea utabibu. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa ya daktari mpasuaji huko Edinburgh. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa tabibu wa jeshi, na kwa muda alihudumu Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, alikwenda Uganda na kupangiwa hospitali ya Lira katika wilaya ya Lango.

Huko Lira aliwapasua wanaume wengi waliougua busha. Alipoangalia walikotoka, aliona kwamba wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na wachache sana upande wa magharibi. Tabibu mwingine angeendelea tu kupasua. Burkitt alizunguka akihesabu, akachora ramani, na mwaka 1951 akaandika matokeo yake. Tangu hapo swali lake la kwanza kwa kila ugonjwa lilikuwa ni wapi unapatikana, na wapi haupatikani.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala. Siku moja mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka kama mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba katika mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Haukuwa ugonjwa wa jino, kwa kuwa jipu la jino huvimba upande mmoja. Baada ya wiki chache Burkitt alikuwa Jinja, na kupitia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi nje kwenye majani pamoja na mama yake, ana uvimbe wa namna ileile. Mtoto mmoja angeweza kuwa wa ajabu tu. Wawili walimlazimisha atafute zaidi. Alifungua majalada ya hospitali, akalinganisha habari za watoto mbalimbali, na kugundua kwamba uvimbe wa taya mara nyingi huandamana na uvimbe tumboni. Mambo yaliyodhaniwa kuwa magonjwa mengi yalikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alitangaza habari za wagonjwa 38. Wataalamu wa Kampala waliochunguza vipande vya nyama kwa hadubini walithibitisha kwamba ilikuwa saratani ya limfu, yaani ya chembechembe zinazosaidia kuukinga mwili. Ilikua upesi mno, na watoto wengi walikufa katika muda wa miezi michache.

Ndipo akarudia swali lake la Lira. Alipeleka karatasi zenye picha za wagonjwa kwenye hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama ugonjwa huo umeonekana huko. Lakini alijua kwamba ukimya una maana mbili: pengine ugonjwa haupo, na pengine upo ila hakuna aliyeutambua. Kwa hiyo aliamua kwenda mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 1961, pamoja na matabibu wenzake Ted Williams na Clifford Nelson, alitoka Kampala katika motokaa kuukuu iliyonunuliwa kwa paundi 250. Kwa muda wa majuma kumi walisafiri maili 10,000, yaani kilometa 16,000 hivi. Walipita Tanganyika, iliyopata uhuru wake mwezi Desemba mwaka huohuo, wakateremka hadi Afrika Kusini na kurudi, wakitembelea hospitali zaidi ya 50.

Ramani ilipokamilika ilisema mambo ya wazi. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa adimu katika nchi zilizo juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo uliteremka. Kumbe jambo lenyewe halikuwa urefu wa nchi bali joto: ugonjwa ulipatikana mahali ambapo wastani wa joto haushuki chini ya nyuzi 15 au 16 za Selsiasi, na penye mvua ya kutosha. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi huko Entebbe, alitambua kwamba hayo ni masharti ya maisha ya mbu. Burkitt alikisia kwamba mbu huambukiza virusi viletavyo saratani hiyo.

Mwezi Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara mjini London, na kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, alimsikiliza. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembechembe hizo. Hata hivyo ilidhihirika baadaye kwamba kirusi hicho hakiletwi na mbu. Huenea kwa mate, na watu wengi duniani wanacho bila kuugua. Mbu alihusika kwa njia nyingine: malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto, na kirusi hupata nafasi. Katika Mara ya Kaskazini, hapa Tanzania, watafiti walilijaribu wazo hilo kati ya mwaka 1977 na 1982 kwa kuwapa watoto dawa ya malaria. Saratani ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa kutolewa, hivyo hawakuweza kutoa hukumu ya mwisho.

Mwanachuo atambue tofauti hii. Kisio la Burkitt lilihitaji kusahihishwa, lakini ramani yake ilibaki kweli, kwa sababu aliandika alichokiona kabla ya kueleza sababu. Na faida ilionekana kwa watoto wenyewe: yeye na wenzake walijaribu dawa za saratani zilizokuwa mpya wakati huo, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi chache. Katikati ya miaka ya 1960 alirudi Uingereza, akaendelea kulinganisha magonjwa ya mataifa, hasa umuhimu wa makapi katika chakula. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993.

Sisi wa Igamba tuna darasa la namna hiyo nje ya mlango. Hapa juu Mbozi kahawa hustawi na usiku wa Juni ni baridi. Kule chini Kamsamba, katika bonde la Rukwa, kuna joto na mpunga. Mwalimu awape wanafunzi wa darasa la sita ramani tupu ya kata. Wahesabu kila kitongoji kina kaya ngapi, na ngapi kati ya hizo hulima zao fulani. Waandike kwa sehemu ya mia, maana kitongoji kikubwa kitakuwa na wakulima wengi hata kama zao halistawi huko. Kisha wapake rangi. Patakapobaki peupe, waulize kwanza kama kweli hapana zao hilo, au hapana aliyekwenda kuhesabu. Hapo hesabu, jiografia na sayansi zitakuwa somo moja, na mwalimu asitangulie kuwapa jibu.